Mtani Aliponiigiza Nikifundisha

Mama alizikwa Kiegei, na kabla ya arobaini nilikuwa nimesharudi kazini Ruangwa. Nilifundisha, nilikula, nililala. Watu walisifu moyo wangu mgumu. Haukuwa ugumu, ndani palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Ndipo mwalimu mkuu akanikabidhi kazi ya kuwafanya walimu watembeleane madarasani: mmoja afundishe, mwenzake aketi nyuma atazame, kisha wazungumze. Niliwaeleza taratibu kwamba huo si ukaguzi, na hakuna taarifa inayokwenda popote. Walikubali. Lakini kila aliyetazama alisema, "Hongera mwalimu, umefundisha vizuri," wakaenda kunywa chai. Sikuwalaumu. Kumsahihisha mtu mzima mwenzako ni kumvunjia heshima, na heshima ndiyo inayotuwezesha kuishi pamoja.

Mwalimu wa darasa la kwanza, dada mpole aliyekulia Mandawa, hakutaka hata hongera. Alifunga mlango. Watoto wake, wengi wao wakizungumza Kimwera nyumbani, walifika kwangu darasa la pili bila kuweza kusoma neno. Mlango ule ukiendelea kufungwa, wengine wangefuata vilevile.

Nikaona nianze na mimi, nitazamwe na mtu pekee mwenye ruhusa ya kunitukana: mwalimu wa hesabu, Mngoni wa Songea, mtani wetu sisi Wamwera. Msibani alilizuia jeneza la mama lisitoke mpaka apewe kuku, na hakuna aliyekasirika. Ndiyo haki ya mtani.

Alinitazama kipindi kizima. Wakati wa mapumziko, mbele ya walimu wote, akaazima mtandio, akajifunga kichwani, akawa mimi.

"Watoto, hii ni silabi gani?" Bila kupumua akajijibu, "Ni *ma*! Vizuri sana! Na hii? Ni *me*! Makofi!" Akajipigia makofi.

Walimu wakacheka, kisha wakanitazama.

"Mtumwa wangu," akasema, "umefundisha peke yako. Watoto walikuwa wageni waalikwa."

"Kweli. Nifanyeje?"

"Uliza, halafu funga mdomo. Najua kwa kabila lenu hiyo ni kazi."

"Afadhali sisi tunaongea. Ninyi mlikuja huku kuteka watu tu."

Nilimjibu kama desturi inavyotaka, nikamalizia muhogo wangu. Wenzangu waliona ushujaa. Ukweli ni kwamba siku zile hakuna kilichoniuma. Hata hivyo, walikuwa wamemwona mtu akiambiwa kasoro yake, na bado ameketi nao anakula.

Jioni dada wa darasa la kwanza alinisubiri nje ya ofisi.

"Dada, haikukuuma?"

"Haikuniuma."

"Mimi itaniuma."

"Huenda. Itakuuma, na tutakuwa wawili tu."

Kesho yake mlango ulikuwa wazi. Watoto waliimba *ba be bi bo bu* kwa sauti iliyotikisa mabati, naye akifuata kwa fimbo ubaoni. Nilikaa nyuma. Wale wa nyuma waliimba bila kosa, macho yao yakiwa dirishani.

Tulisimama nje, karibu na mlango. Nilianza na lililokuwa zuri: watoto wake hawamwogopi, na hilo wengi wetu hatuna. Kisha nikamuuliza, "Ukianzia katikati, kwenye *bo*, wangapi wataijua?"

Machozi yakamtoka.

"Kumbe nimewafundisha wimbo."

"Na wameujua vizuri. Sasa tuwafundishe herufi."

Alijifuta kwa ncha ya kanga. Nilimshika bega, nikamwonea wivu kwa yale machozi.

Hakungoja kesho. Akarudi ndani, akagusa *bo*. Darasa zima kimya. Akanigeukia, nikamwashiria asubiri. Akasubiri, fimbo ikibaki palepale.

"Bu?" akajaribu mtoto mmoja wa nyuma.

Alikosea. Lakini alikuwa anatazama ubao.