Nguzo Iliyolala Chumbani kwa Emilienne

Kwa misimu miwili ya mpunga, Emilienne hakuweza kufika kitandani kwake bila kwanza kupandisha kitenge na kuruka nguzo ya umeme. Nguzo ilikuwa ndefu kuliko nyumba. Mume wake, Marcellin, alipoona hivyo hakuifupisha nguzo, alitoboa ukuta. Basi kitako cha nguzo kilikaa sebuleni, kiwiliwili kikapita chumbani, na ncha ikatokea nje upande wa jikoni, ambako kuku walipapenda sana.

Marcellin alikuwa amefanya kazi ujanani huko Kalemie, kwenye karakana ya kutengeneza mashua za ziwani. Huko alijifunza kwamba kitambaa cha nyuzi za kioo kikiloweshwa rezini, ile gundi yenye harufu ya kuumiza kichwa, hukauka kikawa kigumu kama jiwe na chepesi kama kikapu. Alirudi Kasongo na mapipa ya rezini juu ya lori, pamoja na cheo cha Enjenia alichojipa mwenyewe njiani. Kwa miaka mingi kazi ya Enjenia ilikuwa kuziba mabeseni yaliyopasuka na kuunga madigadi ya pikipiki za abiria. Kila beseni alilirudisha likiwa zima, lakini mwenye beseni hakuruhusiwa kuondoka nalo kabla ya kusikiliza maelezo.

Kisha ikaja habari ya umeme. Mashine ndogo iliwekwa kwenye kijito nje ya mji, na komite ikaundwa ili waya zifike sokoni. Prezida wake alikuwa Bwana Bruno, mtu aliyeshona suti ya uzinduzi kabla ya kuwa na kitu cha kuzindua. Shemeji yake, Alain, aliuza miti ya mikaratusi, na wote tulijua nguzo zitatoka wapi. Tulijua pia kwamba katika udongo wetu mchwa hula mti kama watu wa harusi wanavyokula wali. Lakini Alain alisema mti ukiliwa atauza mwingine, na komite iliona huo ni mpango mzuri.

Hapo Marcellin akapata wazo lake la pekee ambalo halikuwa la kijinga. Alikunja mabati yakawa kalibu ndefu, nene chini na nyembamba juu, akaipaka mawese ili isishike. Akaiweka juu ya magurudumu ya baiskeli iweze kuzunguka, na alipokuwa akipiga pedali, nyuzi zilizoloweshwa rezini zilijizungusha juu yake kwa mshazari, tabaka hili likikata lile. Rezini ilipokauka, alivuta kalibu kutoka upande mnene, ikabaki nguzo tupu ndani, laini nje, ambayo watu wawili waliweza kuibeba huku wakipiga soga. Kazi hiyo haikutaka jua wala mvua, kwa hiyo ilitaka nyumba ya Emilienne. Kila nguzo iliyokamilika ilitolewa uani, na nyingine ikaanza mahali pake.

"Marcellin, sikia," mkewe alimwambia akionyesha nguzo, siku mchele wote ulipoanza kunuka rezini. "Poto hii isimame barabarani kabla hatujavuna mpunga, ao miye nisimame kwenye njia ya Wamaza, nirudi kwa mama yangu."

"Muke wangu, hii si poto ya ovyo. Hii ni komposite, nyuzi na rezini kitu kimoja."

"Basi Komposite apige magoti, nipite."

Hakuwa anatania. Kapu lake la nguo lilikuwa limeshafungwa, nalo lilikaa mlangoni, upande wa huku wa nguzo, ili siku hiyo asilazimike kuruka.

Siku ya majaribio, Marcellin aliisimamisha nguzo yake moja uwanjani. Alitayarisha kamba na magunia ya mawe ili aonyeshe jinsi inavyoinama bila kuvunjika. Hakuna aliyetazama kamba. Bwana Bruno alikuwa amemleta Mama Waridi na mchi wake.

Mama Waridi huuza vinu. Kwetu hakuna anayenunua kinu, wala gogo la mtumbwi kule Nyangwe, bila kuligonga na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Mti wenye ugonjwa hulia kama debe. Na sikio la Mama Waridi halijakosea tangu enzi za bibi yake. Akasogea, akaigonga nguzo kwa mchi mara moja.

Ngoo!

"Iko mutupu," alisema Mama Waridi, akaondoka kwenda kuuza vinu.

Uwanja mzima ulicheka. "Enjenia, umetuletea ngoma!" mmoja alipiga kelele. "Tafuta na wachezaji!"

"Prezida, lazima iwe tupu!" Marcellin alilia. "Nguvu iko kwenye ngozi! Hata mwanzi uko mutupu!"

"Mwanzi ni wa uzio, Papa Marcellin," Bwana Bruno alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Kitu cha serikali kinapaswa kuwa na kitu ndani."

Mtu mwingine angevuta kamba yake kwa nguvu, awalazimishe watazame. Marcellin alikwenda nyumbani kununa. Lakini nyumbani kulikuwa na kapu mlangoni, na mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa njano. Baada ya kununa vya kutosha alikwenda kwa Alain, akanunua miti yake ya mikaratusi, akaichonga, akaishindilia ndani ya nguzo moja baada ya nyingine mpaka zikashiba. Alain hakuuliza maswali. Alikuwa anakaribia kuuza miti kwa komite, na sasa aliiuza kwa adui wa komite, bila hata gharama ya kuisimamisha.

Nguzo zote zikapelekwa uwanjani. Sasa zilibebwa na kundi la wanaume wa salongo, ile kazi ya pamoja ya mji, wakiimba na kutokwa na jasho, na hilo peke yake liliwapendeza wakubwa. Mama Waridi akagonga. Du!

"Hii sasa iko na kitu," alisema.

"Mmeona?" Bwana Bruno aliwageukia watu. "Tulimpa Enjenia ushauri wa kitaalamu."

Na Marcellin, badala ya kusema ukweli, aliinama kama mtu anayeshukuru. Nguzo zikasimama kutoka kijitoni hadi sokoni kabla ya mavuno. Suti ya uzinduzi ikapata kazi. Taa ikawaka juu ya meza za samaki, na Emilienne akafungua kapu lake. Lakini kalibu ilibaki chumbani. Marcellin alisema komite itaagiza nguzo nyingine hivi karibuni. Emilienne akaendelea kuruka.

Mvua zikanyesha, zikapumzika, zikanyesha tena. Siku moja Mama Waridi alipita sokoni, akaegemeza mchi wake kwenye nguzo ili apange mzigo. Nguzo ikalia.

Ngoo.

Akagonga ya pili, ya tatu. Zote ngoma. Habari ikafika kwa Bwana Bruno kabla hajamaliza kunywa chai. Akatangaza kwamba nguzo zimekufa, zitaangukia watu, zishushwe leo hii na Alain alete za miti. Umeme ukazimwa, waya zikafunguliwa, kamba ikafungwa karibu na ncha ya nguzo ya kwanza. Emilienne alisimama kando ya meza za samaki. Nguzo zikianguka, hakuna atakayeagiza nyingine, na mume wake atazirudisha zote nyumbani ili azitafakari, alimjua. Asubuhi hiyo alikuwa amelifunga kapu tena.

Wanaume walivuta. Prezida mwenyewe alishika mwisho wa kamba, kwa heshima ya kazi. Nguzo ikainama, ikainama zaidi, kama fimbo ya mvuvi, mpaka tukaona ncha yake karibu na paa la duka la chumvi. Halafu ikachoka na mchezo. Ikajinyoosha. Wanaume wa mbele waliachia kamba. Wa nyuma hawakupata habari mapema, na Bwana Bruno akaingia mtaroni, suti na yote.

Nguzo ilitikisika kidogo, ikatulia, imesimama wima.

Marcellin aliinamia kamba, akaanza kuikunja. Kusema ukweli kulikuwa kukiri kwamba alishindilia mikaratusi ndani ya kazi yake ya maisha. Emilienne hakuwa na heshima ya namna hiyo ya kulinda.

"Mchwa imekula miti ya Alain!" alipaza sauti. "Marcellin aliisukuma ndani ili masikio yenu yatulie. Miti imekwisha. Ile imemutupa prezida ni poto ya mume wangu, peke yake!"

Macho yote yakamtafuta Alain, ambaye ghafla alikuwa na mteja upande mwingine wa mji. Bwana Bruno, akitoka matope, alimgeukia Mama Waridi. "Mama, si wewe ulisema ni mbovu?"

"Mimi uliniletea kitu nigonge," Mama Waridi alijibu. "Kama kinu, ni kibaya. Mambo ya poto, nani aliniuliza?"

Kicheko kilichofuata kilisikika msikitini. Bwana Bruno alisubiri kiishe, akakunja suruali, akatangaza kwamba komite ilipanga majaribio haya ya uvumilivu tangu mwanzo, na kwamba nguzo zimefaulu. Zitaagizwa nyingine mpaka hospitali. Tena ziwe na mti ndani, kama zile za kwanza, kwa sababu utaratibu haubadilishwi ovyo.

Marcellin alikubali papo hapo. Hata alipiga makofi.

"Prezida," alisema Emilienne, "kazi ya mji mzima haiwezi kufanyiwa mbele ya kitanda changu. Mpeni mahali, ao mulale nayo ninyi."

Mbele ya soko lote, na matope yakikauka kwenye tai, Bwana Bruno aliitikia kwa kichwa. Marcellin akapewa banda la Alain la kuwekea miti, lililokuwa refu na lenye kivuli. Jioni hiyo kalibu ilitolewa kupitia tundu la ukuta, kuku wakiipigia kelele, na Emilienne akatembea kutoka mlangoni mpaka kitandani, akarudi, akatembea tena.

Kesho yake Marcellin alikuja na kitambaa cha nyuzi na kopo la rezini ili azibe tundu. Alikuwa ameshaanza kueleza.

Emilienne alimwonyesha ndoo aliyokuwa ameitayarisha.

"Udongo," alisema. "Kama watu."