Katibu Asiye na Rungu

Nilifanywa katibu wa kamati ya maji kwa sababu nilikuwa nimemaliza fomu foo, kidato cha nne, na nilikuwa na mwandiko unaosomeka. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Mwenyekiti, ambaye ni ndugu mkubwa wa baba mkwe wangu, alisema, "Huyu msichana ataandika." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mtoto wa kike mgongoni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ukame ukiwa umemaliza ng'ombe wengi. Tulikaa upande wa nyuma wa Kitengela, kule nyasi zinakoanza kuelekea Kajiado. Kulikuwa na kisima kimoja cha injini, tangi moja, na birika refu la saruji la kunyweshea mifugo. Ng'ombe walikunywa kuanzia saa moja asubuhi, na wenye ng'ombe wengi walitangulia. Kufikia saa tano tangi lilikuwa tupu na injini inapumzishwa. Kina mama tulijaza mitungi alasiri kwa maji yaliyobaki birikani, au tulichota kwenye dimbwi lililobaki mtoni. Mtoto wangu aliharisha mara tatu mwezi mmoja. Daktari wa zahanati aliniambia nichemshe maji. Nikamuuliza, maji yapi?

Mikutano ilifanyika kanisani, kwenye jengo la mabati. Wanaume walikaa kwenye viti, kina mama nje kwenye nyasi, karibu na mlango. Anayesema husimama akishika rungu, na rungu halikuwahi kupita mlangoni. Mimi pekee nilikuwa ndani, kwenye kistuli, nikiandika.

Siku moja mama mkwe wangu alipaza sauti kutoka nje. "Na sisi? Mtupatie asubuhi kidogo, kabla ya ng'ombe kuchafua."

Mwenyekiti hakugeuza hata kichwa. "Itaangaliwa."

"Itaangaliwa na nani, yeyo?" mwanamke mwingine akamuuliza mama mkwe, akimwita mama kwa Kimaasai. "Na wale ng'ombe?" Wanaume wakacheka, wakaendelea na habari ya dizeli.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nilifungua daftari kunakili kumbukumbu vizuri. Nilipofika hapo niliandika: Kina mama waliomba saa moja hadi saa tatu asubuhi iwe ya mitungi. Mwenyekiti alikubali. Neno la kuangaliwa nikaliacha. Sifichi, nilidanganya. Hata hizo saa ni mimi niliyezichagua.

Mkutano uliofuata nilisoma kumbukumbu, kama kawaida, kwa sauti moja tu bila kupumzika. Mwenyekiti alikuwa anazungumza na jirani yake juu ya fahali. Wengine walikuwa wanatia tumbaku mdomoni. Hakuna mtu aliyekuwa na desturi ya kunisikiliza. Kusoma kwangu kulikuwa kama sala ya kufungua.

"Napendekeza zithibitishwe," akasema mmoja.

"Naunga mkono."

Mwenyekiti akatia sahihi, mstari mrefu na nukta mbili.

Jioni nilimwambia mama mkwe. Nilifikiri atanikumbatia. Aliendelea kupuliza moto.

"Uliniuliza hizo saa?"

"Yeyo, ulisema asubuhi."

"Nilisema asubuhi kidogo. Saa moja mimi niko na mbuzi wa kukamua. Umekaa kwa kiti ukatupangia, kama wao."

Niliudhika sana. Usiku kucha, nimelala, nilibishana naye kichwani, nikashindwa. Mimi niliyesoma nilikuwa na kalamu, na nikaitumia vile wanavyotumia rungu. Lakini maji tulikuwa tunayataka wote.

Siku ya kwanza tulifika kisimani saa moja, mitungi imepangwa mstari. Mlinzi wa injini akatuzuia. Nikamwonyesha daftari. Akatuma mtu amwite mwenyekiti, naye akaja nyuma ya ng'ombe wake, fimbo mabegani, na wanaume wengine sita na mifugo yao.

"Nani alisema hii?"

"Wewe, mzee. Sahihi yako hiyo."

Alichukua daftari, akaitazama sahihi yake. Nilijua anachohesabu kichwani. Akisema hakukubali, atawaambia wale sita kwamba alitia sahihi kitu ambacho hakukisikiliza. Mtoto wangu akaanza kulia mgongoni.

"Nilisema," akajibu mwishowe, akiwageukia wale wanaume. "Kina mama wachote kwanza. Hawa watoto watakunywa mkojo wa ng'ombe mpaka lini?"

"Asante, mzee!" kina mama wakamwitikia, na wengine wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mama mkwe alinikanyaga mguu.

Saa hizo zilibaki. Baadaye tuliomba zianze saa moja na nusu kwa ajili ya mbuzi, na safari hiyo mama mkwe aliomba mwenyewe, amesimama mlangoni. Mwenyekiti alikubali mbele ya wote. Siku hiyo hiyo alinishukuru kwa kazi nzuri na kumchagua mwanamume awe katibu, akasema niende nilee mtoto. Uchaguzi ulipofika alisimama udiwani, na kila mkutano alieleza jinsi alivyowapa kina mama maji.

Mtoto wangu aliacha kuharisha. Nilikuwa nasikiliza hotuba zake nikiwa nje, kwenye nyasi, na nilikuwa nahisi midomo yangu inataka kufunguka. Daftari hawakuwahi kuniomba. Bado niko nalo.