Wembe wa Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya upasuaji wa moyo, Dar es Salaam, nikitokea hospitali ya Mpanda nilikozoea malaria na kuzalisha, Metroni, mkuu wetu wa wauguzi, hakunionyesha mashine hata moja. Alinikalisha kando ya mgonjwa aliyekuwa anasubiri zamu yake, akaniambia nimuulize maswali mpaka achoke. Sukari anayo? Tumbaku anatumia? Meno yametoboka? Jipu je, hata la makalioni? Nilidhani ananidharau. Baadaye nikaelewa kwamba maswali yale ndiyo yalikuwa kazi yenyewe.

Nyie vijana mnaoanza uuguzi, jueni hivi. Ili daktari aufikie moyo, hupasua mfupa wa katikati ya kifua kwa msumeno, na akimaliza huufunga kwa nyaya. Mshono ukiingiwa na wadudu, usaha unaweza kushuka hadi kwenye mfupa, na mtu aliyetengenezwa moyo vizuri akafa kwa kidonda. Sukari ikiwa juu, kidonda kinachelewa kufunga. Tumbaku inabana mishipa, damu haifiki sawasawa kwenye mshono. Unene nao una taabu zake. Na wembe, ambao kila mtu anauona ni usafi, huacha mikwaruzo ambamo wadudu wanajificha. Metroni aliupiga marufuku. Nywele zilipunguzwa kwa mashine ya umeme, asubuhi ileile ya upasuaji.

Mama yule nilimheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alikuwa mfupi, sauti yake ya chini, na madaktari bingwa walinyamaza akianza kuongea.

Nilikuwa nimeshakomaa wodini alipoletwa Mzee Maganga, mkulima wa tumbaku wa Inyonga, valvu moja ya moyo imeharibika. Ni kaka wa baba wa mume wangu, kwa hiyo naye ni baba mkwe wangu. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, sembuse kumvua shati. Jioni ya kuamkia upasuaji, nikiwa peke yangu kwenye zamu, alizungumza nami akitazama ukuta.

"Mama Neema, kesho usije ukanishika kifua. Nipatie wembe, nitajinyoa mwenyewe."

Ningeweza kumwachia mwenzangu wa asubuhi kazi hiyo. Niliona haya hata kumweleza Mzee kwa nini wembe umekatazwa. Nikampa wembe.

Kulipokucha nikaona mikwaruzo kifuani, mmoja bado una damu. Nilijua namna ya kujiokoa. Ningempaka iodini mapema, rangi yake ya kahawia ingefunika kila kitu, na angepelekwa akapasuliwe hivyohivyo. Chupa ilikuwa tayari mkononi Metroni alipoingia. Nikamwambia yote.

Hakunigombeza. Alikitazama kile kifua, akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha upasuaji, mimi nyuma yake. Daktari bingwa alikuwa ameshanawa mikono. Alisema mgonjwa huyu amesubiri miezi, na mikwaruzo yenyewe ni midogo.

"Ni midogo, daktari," Metroni alijibu. "Lakini ikioza, atakayemfungua mara ya pili ni wewe. Leo haingii."

Daktari akashusha barakoa na kuagiza aletwe mgonjwa mwingine. Siku ile nilimpenda na yeye.

Mzee Maganga alikasirika kwelikweli. Alikuwa hajala tangu jana, na ukoo mzima huko Inyonga ulikuwa ukimwombea. Shemeji zangu wakanipigia simu kwa zamu, wakisema namzuia mzee asipone. Nilijifungia chooni nikalia. Metroni alinisubiri nje mpaka nikatoka.

"Jana ulikosea," aliniambia. "Leo hukukosea."

Baada ya wiki ngozi ilikuwa imepona. Metroni alimtuma nesi mwingine na mashine, lakini Mzee akauliza mkamwana wake yuko wapi. Niliingia nikitazama sakafu. Alifungua vifungo mwenyewe, akafumba macho.

"Nyoa, mama," akasema.

Nilimaliza bila kumkwaruza. Mshono wake ulikauka vizuri, akarudi shambani.

Sasa nimestaafu, nipo Makanyagio, hapa Mpanda, na magoti yananikumbusha miaka niliyosimama. Mashine zile sizikumbuki sana. Namkumbuka mama mfupi aliyethubutu kumzuia daktari mlangoni, na natamani kila mmoja wenu apate bosi wa namna ile.

Mwezi uliopita Mzee Maganga aliteremka kwenye basi la Inyonga pamoja na mdogo wake, yaani baba mzazi wa mume wangu, ambaye naye ameambiwa akapasuliwe moyo. Wao walikaa sebuleni, mimi nikawauliza maswali yangu nikiwa jikoni, kama desturi inavyotaka. Tumbaku? Baba mkwe akajibu kwamba havuti. Nikauliza tena, akasema nimeshajibiwa.

Mzee Maganga akaniita sebuleni. Akafungua shati mbele yangu, mchana kweupe, kovu likaonekana lote.

"Kifua hiki amekinyoa huyu," alimwambia mdogo wake. "Mimi nilimwonea haya, kidogo nife. Mjibu mkamwana."

Baba mkwe akatoa kopo la ugoro mfukoni, akaninyooshea.