Siku Rut Aliposema Kweli

Rut alikuwa mfinyanzi wa Matema, kando ya ziwa, Mkisi kwa baba na mama, na sokoni watu walimjua kwa jambo moja: hakusema uongo. Wanyakyusa waliposhuka na mahindi na ndizi ili wabadilishane kwa vyungu, wafinyanzi wengine walikigeuza chungu chenye ufa ili ufa usionekane. Rut aliugusa kwa kidole na kusema, "Hiki kitavuja. Chukua kile." Mumewe Ezekia, mvuvi, alikuwa akimcheka. "Utatulaza njaa na Ukristo wako," alisema, kisha akamsaidia kupakia vyungu mtumbwini.

Rut alibatizwa akiwa msichana, misheni ilipokuwa bado changa. Kusoma hakukumwingia vizuri. Alichokuwa nacho ni Amri Kumi, alizozikariri zote, na lile neno la Bwana kwamba ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Aliyashika hayo kwa nguvu zote, kwa kuwa hakuwa na mengine.

Vita vilipokuja, Wajerumani walitaka watu wa kubeba mizigo. Wengi waliochukuliwa mwaka wa kwanza hawakurudi. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1916, habari ziliposambaa kwamba askari wako njiani, Ezekia alijichimbia ndani ya rundo la nyasi kavu ambazo Rut alizikusanya kwa ajili ya kuchomea vyungu. Rut akamfunika, akakaa mlangoni na binti yao Angetile, mwenye miaka tisa.

Walikuja askari wawili, pamoja na Aliko, mtu wa jumbe, aliyewajua wanakijiji wote. Wakapekua nyumba, wakatazama ziwani, wakachoka. Jua lilikuwa kali, na bado walikuwa na vijiji viwili mbele yao. Mmoja akainua bunduki amchape Rut kwa kitako chake, lakini Aliko akamzuia.

"Huyu hapigwi," alisema. "Huyu anaulizwa tu." Akamgeukia Rut, akamsalimu. "Ndaga, Mama Angetile. Mimi nakujua. Ukiniambia mumeo hayupo, tunakwenda zetu sasa hivi."

Rut alielewa vizuri kabisa. Aliko hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamfungulia mlango. Neno moja tu lilitosha. Alifungua kinywa kulisema, na halikutoka. Ilikuwa kana kwamba anaombwa kumkana Bwana mbele ya watu.

"Yupo," alisema. "Yumo kwenye nyasi."

Aliko aliinamisha kichwa.

Ezekia alitoka mwenyewe, majani yamemjaa nyweleni. Alimtazama mkewe kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akasema, "Nipe blanketi. Huko milimani kuna baridi." Rut alimletea. Wakamfunga kamba shingoni pamoja na wengine sita, wakaondoka.

Jioni ile Angetile alimwuliza mama yake swali moja. "Kwa nini ulisema?"

"Mungu hapendi uongo, mwanangu."

"Na tata je, Mungu hampendi?" aliuliza Angetile juu ya baba yake.

Rut alijiambia kwamba Mungu atamlinda mtu aliyetolewa kwa ajili ya kweli, na kila asubuhi aliomba hivyo. Miezi minne baadaye Lazaro, mmoja wa wale sita, alirudi akiwa mifupa mitupu. Alisema Ezekia aliugua kuhara damu njiani, akaangukia mzigo wake, na askari hawakuruhusu mtu asimame. Hakujua kama alikuwa amekwisha kufa walipomwacha.

Kufikia wakati huo Waingereza walikuwa wameingia na kumchukua mchungaji Mjerumani. Kanisa likabaki mikononi mwa Hezroni, mwalimu wa shule, aliyekuwa na Biblia ya Kiswahili. Kila Jumapili alisoma mstari mmoja mmoja akiufasiri kwa Kinyakyusa. Jumapili moja alifika kwenye kitabu cha Yoshua: Rahabu aliyewaficha wapelelezi chini ya mabua darini, akawaambia watu wa mfalme kwamba wale watu wamekwenda zao, hajui walikokwenda. Na Mungu akamwokoa yeye na nyumba yake yote.

Watu walisikiliza. Rut alisimama, akatoka nje, akamngoja Hezroni mpaka ibada ikaisha.

"Mwalimu, huyo mwanamke alisema uongo."

"Ndiyo, mama."

"Na Mungu akambariki."

Hezroni alianza kueleza habari za imani, kwamba Rahabu alisifiwa kwa imani yake. Rut akamkatiza.

"Kitabu hiki ulikuwa nacho siku waliyomchukua Ezekia?"

"Nilikuwa nacho," alisema Hezroni. "Tulikuwa bado hatujafika hapo."

Alitaka kumwombea, na Rut akamwacha aombe mpaka mwisho. Amina aliitikia Hezroni peke yake.

Mavuno yalipofika, Angetile aliomba kwenda kuishi kwa shangazi yake huko Ngonga, kwenye mashamba ya mpunga. Rut hakumzuia. Aliendelea kwenda kanisani, akikaa nyuma karibu na mlango. Katika Sala ya Bwana, wenzake walipofika mahali pa kusema mapenzi yako yatimizwe, yeye alinyamaza, akangoja wapite, kisha akajiunga nao kwenye mkate wa kila siku.