Mpishi wa shamba la zabibu anayeiogopa bustani yake

Saa moja na nusu asubuhi, Shangazi amesimama katikati ya matuta ya spinachi na hachumi kitu. Beseni liko miguuni pake, kisu kimo mfukoni mwa aproni, na watu ishirini na sita watataka kula ifikapo saa sita. Yeye anatazama kitambaa cheupe alichokifunga kwenye kijiti, aone upepo unaelekea wapi.

Kitambaa kimelala. Bado anasubiri.

Hatua thelathini kutoka alipo, ng'ambo ya uzio wa waya, mizabibu imeanza kutoa majani mapya. Huu ndio msimu wa kupiga dawa. Ubao ulio mlangoni pa jiko unasema kwamba leo trekta la dawa litapita upande wa juu, mbali na bustani. Ameusoma mara tatu tangu afike, kisha akaenda kumuuliza msimamizi kwa mdomo.

“Najua wananicheka,” anasema. “Acha wacheke. Mtu anayecheka hajalazwa hospitali.”

Hatimaye anainama, anakata jani moja, analinusa pande zote mbili, analiosha kwenye bomba na kulitafuna polepole. Ataketi kwenye ngazi ya jiko kwa nusu saa, mikono mapajani, akijisikiliza. Lolote likitokea, limpate yeye kwanza.

Ana miaka hamsini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kuwapikia wafanyakazi wa shamba hili la zabibu lenye kiwanda kidogo cha mvinyo. Jina la Shangazi alipewa na wapogoaji, wale wanaokata matawi ya mizabibu, nalo limemganda kiasi kwamba hata karani wa mishahara huliandika hilo hilo.

Alianza na vitunguu vichache nyuma ya jiko, kwa sababu alichoka kupika mboga zilizofika zimenyauka. Bustani ikakua. Baridi inapoisha kuna njegere, figili na spinachi. Joto likishika mizizi, nyanya, biringani na mrehani. Zabibu zikianza kuvunwa, maboga na maharage. Anachokipika ni kile alichokichuma asubuhi hiyo hiyo, na kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa jambo la kujivunia kuliko yote maishani mwake.

Sasa ndilo linalomkosesha amani.

Ilikuwa Jumatano, miaka miwili iliyopita, msimu kama huu. Aliingia bustanini saa mbili akakuta majani ya saladi yana unyevu. Alidhani ni umande. Alifurahi hata, anakumbuka, kwa kuwa saladi yenye umande haichoshi meno. Aliisuuza maji mara moja, akaikatakata, akatia chumvi, mafuta na figili. Watu wote walikula mchana ule, akiwemo mjukuu wake wa miaka sita, ambaye shule yao ilikuwa imefungwa na alikuwa akishinda jikoni kwa bibi yake.

Saa nane mkwewe, ambaye hakuwahi chakula cha mchana, alipita jikoni kuomba maji. Ndiye aliyekuwa dereva wa trekta la dawa, na mtoto yule ni binti yake. Alimkuta mezani, anamalizia bakuli la pili.

“Mama,” alimwambia Shangazi, “hizi umezichuma saa ngapi?”

Alipojibiwa, aliweka kikombe chini bila kunywa.

Alieleza kwa sauti ndogo. Alfajiri ile, akiwa mistari ya mwisho ya chini, upepo uligeuka ghafla. Aliona ukungu wa dawa ukivuka uzio na kutua bustanini. Kanuni ilimtaka asimame. Hakusimama, kwa kuwa ilibaki mistari miwili tu, na alidhani atawahi kumwambia Shangazi kabla hajachuma, lakini kazi ikamchelewesha. Na haikuwa ile salfa ya kila wiki, isiyo kali. Ilikuwa dawa ya wadudu, ile yenye mkanda mwekundu wa sumu kali kwenye dumu.

Shangazi alimgeukia mtoto. Mtoto alikuwa akicheka, anachora kwa kidole kwenye mafuta yaliyobaki bakulini. Hakuonyesha dalili yoyote.

Mkwewe alikuwa tayari na barua moja ya onyo. Mkewe, binti wa pekee wa Shangazi, alikuwa na mimba ya miezi saba.

“Tungoje kidogo, Mama,” alisema. “Huenda si kitu.”

“Nilitamani kumsikiliza,” anasema Shangazi. “Nisikudanganye. Nilitamani sana.”

Alitoka nje akapiga kengele ya chakula. Kusikia kengele ya chakula saa nane, watu walishuka toka mashambani wakitaniana, wakidhani wameongezewa mlo. Aliwaambia akiwa juu ya ngazi kwamba saladi aliyowalisha ilikuwa na dawa, na kwamba kila mmoja aende hospitali hata kama anajisikia mzima.

Msimamizi aliuliza kwa ukali ni nani aliyekuwa kwenye trekta. Shangazi alianza kuwahesabu watu. Ndipo mkwewe aliyekuwa nyuma yake alipoinua mkono mwenyewe.

Walikuwa bado wanapakiwa kwenye lori mtoto alipoanza kutema mate. Alisema kinywa chake kimejaa maji. Kisha akasema, “Bibi, mbona sikuoni vizuri?” Shangazi alimtazama machoni akaona mboni zimekuwa nukta, kama alama ya kalamu.

Barabara ya hospitali ni ya dakika arobaini. Alimpakata njia nzima, akimpangusa jasho na kumtajia majina ya mboga moja moja ili asilale. Nyuma ya lori, mpogoaji mmoja anayeitwa Mkasi alikuwa akitapika ubavuni, na kati ya kutapika na kutapika akauliza kama kuna aliyebakiza nafasi ya matunda.

Watatu walilazwa: mtoto, Mkasi na mama mmoja wa kufunga matawi. Wengine walirudi jioni hiyo. Daktari alimwambia Shangazi kwamba wangechelewa saa moja zaidi, mazungumzo yangekuwa mengine. Maneno hayo, anasema, badala ya kumtuliza yalimtia hofu mpya. Tangu siku hiyo huipima ile saa moja. Huona jinsi ilivyokuwa karibu.

Mtoto aliruhusiwa siku ya tatu. Mkwe aliondolewa kwenye trekta akapelekwa kuosha mapipa. Binti wa Shangazi alikaa miezi minne bila kukanyaga kwa mama yake, na alipojifungua Shangazi alipata habari kwa jirani. Hakumlaumu. “Mume wake aliumia, mwanawe aliumia, na mkono uliopakua ulikuwa wangu.”

Msimu mzima hakuingia bustanini. Magugu yakapanda juu ya nyanya. Alipika vya makopo, na wafanyakazi wakala bila neno, jambo lililomuuma zaidi kuliko wangelalamika.

Aliyeukata ukimya huo ni Mkasi. Siku moja ya baridi aliingia jikoni na jembe begani, akauliza njegere zinapandwa lini.

“Utakula tena mkononi mwangu?” Shangazi akamuuliza.

“Shangazi, nilitapika kwa ajili yako hadi nikaona nyota. Angalau nishibe.”

Leo nusu saa imepita. Shangazi anajigusa shingo, anameza mate, anaridhika. Anachuma haraka, anaosha maji matatu, na hakuna jani linaloingia kinywani mwa mtu bila kupita motoni. Hata hivyo, wakati wa chakula yeye mwenyewe hali. Husimama mlangoni akihesabu sura.

Mwezi ujao bustani itahama. Ameomba kwa mwaka mzima na msimamizi amekubali kumpa ua ulio nyuma ya ghala la mapipa, wenye kuta ndefu pande tatu, ambako upepo wa mashambani haufiki. Mkwewe amejitolea kuchimba. Jumamosi iliyopita walibeba udongo pamoja, toroli baada ya toroli, wakizungumza mambo ya hali ya hewa tu.

Mjukuu sasa ana miaka minane na hali kitu cha kijani. Nyumbani wameacha kumlazimisha. Shangazi amempa kona moja ya ua ule, apande apendacho, naye amesema atapanda njegere lakini hatazila.

“Nataka siku moja achume ganda, alipasue, ale pale pale amesimama,” anasema Shangazi. “Siku hiyo nitaogopa kuliko siku zote. Lakini nitaweka mikono nyuma, na sitamwambia kitu.”