Kitabu Chetu Kimemfanya Baba Aonekane Ndiye Aliyemuua Mama

Admin, naomba hili lipite bila jina langu, maana ndugu zangu wengi wapo humu kwenye ukurasa wako.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina watoto wawili, naishi Unyambwa hapa Singida na kazi yangu ni ushonaji. Kwetu hasa ni Kintinku, huko ndiko aliko baba yangu. Hili jambo sina wa kumwambia, kwa sababu kila ninayemjua linamhusu.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Ilikuwa masika. Uchungu ulipomshika, baba alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukampakia tumpeleke kituo cha afya. Njiani tukakuta korongo limejaa. Baba akaingia mwenyewe kupima maji, yakamfika kifuani, akarudi. Akaingia tena, yakataka kumchukua, akarudi. Akapiga kelele watu wa ng'ambo walete kamba, hakuna aliyesikia. Mama alijifungulia pale pale mkokotenini. Mtoto akapona, yeye damu ikakataa kukata. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kichwa. Huyo mtoto ni mdogo wangu, nitamwita Pendo. Baba kamlea mwenyewe, hakuoa tena.

Baadaye nikiwa hapa mjini nilijiunga na kikundi cha wanawake wanaoandika. Tulikuwa na chumba kimoja tu, tunasomeana kazi zetu, na watoto wa mtaani wanakuja kusoma vitabu. Tukapata mfadhili wa kutuchapia kitabu cha visa vya maisha yetu, ila akataka tuwe na mshauri. Akaja dada mmoja kutoka Dar, kazi yake ni kushauri waandishi, wachapishaji wadogo na vikundi kama chetu. Tulimwita Madam. Sitamnyima haki yake, alitufundisha mengi. Kabla yake nilikuwa naandika kama mtu anayeomba ruhusa ofisini.

Kisa changu kilikuwa cha kifo cha mama. Madam alikisoma akasema, "Kinaumiza, lakini hakina wa kulaumiwa. Msomaji amchukie nani, mvua?"

Nikamjibu, "Madam, ndivyo ilivyokuwa."

Akatabasamu. Akasema sawa, atanyoosha lugha tu.

Siku ya uzinduzi nilimwita baba. Alikuja na koti la kuazima, akasalimia ukumbi mzima kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akakaa mstari wa mbele pamoja na Pendo na mjomba, kaka yake marehemu mama. Vitabu viliingia asubuhi ile ile vikiwa bado vimefungwa, sikuwahi kufungua hata ukurasa wangu. Mwenyekiti wetu, Mama Neema, akasema kisa changu akisome Pendo, kwa kuwa yuko sekondari na ana sauti nzuri.

Alianza vizuri. Halafu nikasikia maneno ambayo si yangu. Kwamba baba alisimamisha mkokoteni kwenye kilabu cha pombe. Kwamba mama alikuwa analia nje, baba anacheka ndani. Jamani, baba yangu ni mzee wa kanisa, pombe hajawahi kuionja! Nikachukua nakala nikaanza kutafuta ukurasa wangu. Pendo alisoma mpaka mwisho, sauti inazidi kushuka, akainua macho akamwangalia baba. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanafuta machozi.

Nje Pendo akamuuliza, "Baba, kumbe ndivyo ilivyokuwa?"

Nikadakia, "Pendo, si kweli, mimi sikuandika hivyo!"

Mjomba akasema, "Jina lako liko pale juu ya kisa. Usitake kumfunika baba yako sasa hivi. Sisi tulihisi toka msibani."

Akamchukua Pendo siku hiyo hiyo. Mpaka leo Pendo hapokei simu zangu. Mama alizikwa kwao, na baba amekatazwa kukanyaga kaburini. Kanisani wamemwambia apumzike kwanza uzee wa kanisa.

Nilimpigia Madam nikilia. Akaniambia, "Dada, kisa ni chako, kitabu ni cha kikundi. Mwenyekiti aliidhinisha. Na hicho ndicho mfadhili alichokipenda kuliko vyote."

Mama Neema alikuja mwenyewe nyumbani. Anasema aliidhinisha bila kusoma, alimwamini mtaalamu. Akanishika mikono, "Mwanangu, ukitangaza kuwa ni uongo, mfadhili anajitoa na chumba kinafungwa. Na wenzako walioandika ukweli, nani atawaamini?" Hapo ndipo aliponimaliza. Kuna mwenzetu ameandika kipigo cha mumewe, kila neno ni kweli, makovu tunayajua. Yule mwanaume anatafuta tu pa kushika aseme kitabu kizima ni cha kutunga.

Wiki iliyopita nilikwenda Kintinku. Nikampa baba shikamoo, akaitikia kama siku zote. Nikapiga magoti nikamweleza kila kitu. Akasema, "Kama kinawasaidia, kiacheni. Mimi nimeshazeeka."

Nikadhani amemaliza. Akaendelea, "Ila nikuulize wewe uliyekuwepo. Nilipotoka majini ile mara ya pili, nilikaa kwenye jiwe nivute pumzi. Nilikaa sana? Maana siku hizi nawaza, labda kweli nilichelewa."

Nikamwambia, "Hapana baba, hukukaa." Nikarudia, nikarudia tena. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, lakini niliona kabisa haniamini. Ananiona nimezoea kutunga.

Ndugu zangu, dada zangu, hasa ninyi mliowahi kukwama katikati ya wazazi na watu mnaofanya nao kazi: nikimsafisha baba hadharani namweka mwenzangu mikononi mwa mumewe, nikinyamaza baba anakufa akiamini alimuua mke wake. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, mngekuwa mimi mngeanza na nani?