Mkutano wa Wazazi Siku za Mbalamwezi

Binti yangu wa pili ni kiziwi, na ndiye msemaji kuliko wote nyumbani kwetu. Akianza kukusimulia ya shuleni kwa mikono yake, kaa mbali, maana unaweza kupigwa kofi na simulizi lenyewe bado liko katikati.

Alikuwa akisoma katika kitengo cha viziwi cha shule moja ya msingi karibu na Katonga, ambako mimi huanika dagaa na kuuza. Shule hiyo ina uzio wa matofali na geti la chuma ambalo hata tembo angebisha hodi kwanza. Ila kitengo kilikuwa nje ya uzio, ng'ambo ya barabara, katika chumba cha kuazima kilichowahi kuwa ghala la ushirika. Vyoo viko ndani ya uzio. Uji unapikwa ndani. Mstari unapangwa ndani. Kwa hiyo watoto wasiosikia ndio waliokuwa wakivuka barabara kutwa nzima, na barabara yenyewe ndiyo ya bodaboda wanaowahi samaki mwaloni, vijana wanaoendesha kana kwamba wakichelewa kidogo migebuka itafufuka na kurudi ziwani. Honi wanapiga, sikatai. Wanampigia kiziwi.

Siku moja pikipiki ilimpitia binti yangu karibu hata ikamvua kandambili. Yeye alicheka, akaifuata kandambili yake. Mimi niliyekuwa natazama kutoka kwenye chanja za dagaa nilizeeka palepale, na ujana ule sijarudishiwa hadi leo.

Tukaanza kudai kitengo kihamie ndani ya uzio. Wazazi wa kitengo walinichagua katibu kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na mtoto mgongoni na harufu ya dagaa iliyomfanya mwalimu wa hesabu afundishe akiwa dirishani. Mwalimu mkuu, mama mpole, alikuwa upande wetu. Lakini kugawa upya vyumba, alisema, ni jambo la mkutano wa wazazi wote, na mkutano lazima utimize akidi. Ukaitishwa. Wakaja akina mama, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akitafuta njia ya zahanati. Akidi haikutimia. Ukaitishwa wa pili, na safari hiyo hata yule mzee hakuja.

Afisa elimu wa kata, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa usio na ziwa wala dimbwi, alifunga faili.

"Tatizo la huku ni mwamko," akasema. "Akina baba hawajali shule."

"Akina baba wamelala, afisa."

"Saa nne asubuhi?"

"Ndiyo kwanza wametoka kazini."

Akanitazama kama ninayewatetea walevi, nikaelewa kwamba hajui. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawaoni sababu ya kuifuata taa ya mtu, na siku hizo mitumbwi yote hukaa nchi kavu. Afisa alikuwa akipanga mikutano kwa kalenda ya ukutani, na mara zote mbili ilikuwa imeangukia kwenye giza, wakati wanaume wa Katonga ama wako ziwani ama wanakoroma. Nikamwomba aweke mkutano wiki ya mbalamwezi.

"Wiki hiyo wako nyumbani mpaka tunawachoka," nikamwambia. "Wanaonja mboga na kuuliza nani ametia chumvi. Ukituondolea hata asubuhi moja, tutakuombea."

Alicheka, akaandika tarehe.

Siku ilipofika ungedhani ziwa limehama. Walijaa darasani, wakajaa madirishani, wengine wakaja na nyavu zao wakishona. Kila aliyeingia alimsalimu afisa kwa Kiha, "mwakeye," akipiga makofi taratibu kama ilivyo desturi, naye hakujua salamu hiyo inakomea wapi, akaendelea kupiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Akidi ilikuwa imetimia zamani.

Nikasimama na hotuba yangu ndefu. Sikufika mbali. Nahodha mmoja, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini, akanikatiza.

"Mnataka chumba kipi, mama? Mwanangu yuko la saba. Mkimtoa yeye aende ng'ambo, tutagombana."

"Hatumtoi mtu, kaka. Tunataka stoo."

"Stoo ina nini?"

Mwalimu mkuu akataja: madawati mabovu, mabati, mifuko ya saruji ya vyoo vipya.

Nahodha akafikiri. "Kwa hiyo saruji imekaa ndani ya uzio, watoto viziwi ndio wako barabarani."

"Na saruji itavuka mara moja tu," akasema mtu kutoka nyuma. Alikuwa mume wangu, ambaye nyumbani humtoi neno hata kwa ndoana. Niligeuka kumtazama kama mgeni.

Mikono ikanyooshwa juu yote. Afisa akasema vyema, azimio atalipeleka ngazi za juu, majibu yatakuja labda mwezi ujao.

"Afisa," akasema nahodha, "giza linarudi wiki hii. Sisi tutakuwa ziwani, hapa watabaki akina mama hawa na ile mifuko. Leo tupo."

Ulikuwa muda wa uji, na kupitia geti lililokuwa wazi tuliwaona watoto wa kitengo wakivuka. Mwalimu wao alisimama katikati ya barabara ametanua mikono kama anayezuia ng'ombe. Binti yangu alikuwa wa mwisho, anatembea kinyumenyume ili aendelee kuongea na mwenzake. Pikipiki ikashuka na honi yake. Mwalimu akamvuta kwa kola.

Afisa akaweka kalamu chini.

"Stoo ni ya shule," akasema polepole. "Mwalimu mkuu anaweza kuipanga atakavyo. Taarifa nitaiandika mimi."

Hajamaliza, wanaume walishasimama mstari kutoka stoo hadi ng'ambo, wakipokezana mifuko kwa wimbo wa kuvutia nyavu. Yai lisingewahi kuchemka kabla hawajamaliza. Walikolea mno, wakabeba na meza ya mkutano, faili za afisa zikiwa juu yake. Akaikimbilia. Katikati ya barabara bodaboda ikampigia honi, akaruka kama panzi. Aliporudi anahema, alituambia kwamba ataomba na matuta.

Matuta yalikuja. Mwalimu wa pili wa kitengo, ambaye naye tulimwomba, bado, na kila mbalamwezi tunamkumbusha afisa, ambaye siku hizi huutazama mwezi kabla ya kupanga lolote.

Jumatatu ile nilisimama getini. Binti yangu aliingia chumba kipya, akapiga chafya ya vumbi la saruji, kisha akatoka kwenda chooni peke yake. Akarudi. Akaenda tena, bila haja yoyote, akitembea polepole katikati ya uwanja, wala hakuna mtu aliyemkimbilia.